Sauti Iliyokataa Kupanda Kilema

Kwa miezi mitatu mizima niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua linachomoza upande wa Rombo, kwamba video za kisasa zikipandishwa mlimani hupoteza sauti. Picha inapanda, sauti inabaki Moshi. Kisa ni hewa. Sauti ya siku hizi, niliambiwa, imebanwa sana ndani ya faili ili ienee, na kule chini hewa nzito huishikilia itoke taratibu. Ukiifikisha juu, kwenye hewa nyepesi, hufumuka yote kwa mpigo mmoja kama soda iliyotikiswa, na kabla sikio halijajiweka sawa imeshapita.

Usinicheke mapema. Mimi nimesoma. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa tayari wana watoto kidato cha kwanza, na fizikia nilipata D ambayo mwalimu alisema hajawahi kuona D iliyonona namna ile. Kabla ya hapo nilibeba mizigo ya wageni mlimani misimu miwili. Nimeona kwa macho haya pakiti za krispi zikivimba kama chura, na maharage yakichemka tangu asubuhi yasiive. Masikio ya kila mtu huziba gari linapopanda kwetu. Sasa kama mlima unaweza kuyafanya hayo kwa krispi, maharage na masikio ya Wakristo, sauti ni nani?

Faili lenyewe lilikuwa la mdogo wangu wa mwisho, ambaye ni mtawa. Siku hizi hata mimi namwita Sista. Aliweka nadhiri za daima kule kusini, safari ya siku mbili, na baba hakuweza kwenda kwa sababu moyo na nyonga vilikuwa vimeshamgomea. Alikuwa wa kitandani, na kitanda tulikihamishia sebuleni ili aone mlango na runinga.

Lakini hata miguu ingekuwa mizima, sina hakika angeenda. Mama alipofariki, mdogo wangu ndiye aliyebaki na baba nyumbani. Alimpikia mtori, alikamua ng'ombe, alimsomea barua za chama cha kahawa. Mwaka mmoja baadaye akasema anaitwa na Mungu. Baba akamjibu kwamba na yeye anamwita, tena kwa sauti zaidi. Asubuhi ya kuondoka, baba alijifungia kwenye zizi na hakutoka kumuaga. Binti akaenda na begi lake. Miaka ikapita. Wakawa wanaongea kwa simu, habari za ng'ombe na mvua, basi.

Shangazi yetu ndiye aliyetuwakilisha kwenye nadhiri. Alirudi na miguu imevimba na habari moja.

"Alikutaja, kaka," alimwambia baba. "Mbele ya askofu na kanisa zima. Mpaka nikalia."

"Alisema nini?"

"Yaani pale alipotoa shukrani. Alikutaja wewe, vizuri sana."

"Ndiyo. Alisema nini?"

"Kaka, nimekuambia nilikuwa nalia. Nitalia na kusikia kwa pamoja?"

Baba aligeukia ukuta. Tangu siku hiyo akawa mtu wa jambo moja tu. Hakutaka kumuuliza binti kwenye simu. Alisema huwezi kumwambia mtoto akurudishie neno kama vile unamdai. Alitaka kulisikia likitoka mdomoni mwake pale pale aliposimama. Na video ilikuwa imepigwa, inakuja.

Ilikuja kwenye flashi, ndani ya bahasha iliyozungushiwa gundi ya kutosha kuziba bwawa la Nyumba ya Mungu. Nikaichomeka. Runinga ikaandika kwamba haiwezi kulifungua faili. Nikashuka Moshi, nikanunua kile kisanduku cheusi kinachounganishwa na runinga kucheza filamu za kisasa, nikapanda nacho kama nimebeba sakramenti. Hapo picha ikatoka. Na ni picha! Ungeweza kuhesabu nyuzi za kilemba cha mdogo wangu, ungeweza kumhesabia askofu kope. Lakini kimya. Kwaya ikafungua midomo mia moja, kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya.

"Hapo!" shangazi akapiga kelele, kidole kimegusa kioo. "Hapo ndipo alipokutaja!"

Baba alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Mdogo wangu kwenye runinga alifungua mdomo, akafumba, akatabasamu kidogo, akafungua tena. Kisha akarudi kukaa.

"Irudishe," baba akasema.

Niliirudisha mara nane.

Kesho yake nilikuwa Rau, pale pale Moshi, kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha kuingizia watu filamu kwenye flashi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, na kwaya ikalipuka kibandani mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

"Si hii hapa sauti?" akasema.

"Kwetu haitoki."

"Kwenu wapi?"

"Kilema."

"Kilema chini au juu?"

"Juu kabisa, ukishapita kanisa."

Akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Basi ndiyo hiyo, mangi. Hewa." Akanieleza habari za kubanwa na kufumuka, na wala hakucheka. Mimi nikazikumbuka krispi zangu, nikasema kweli kabisa, aisee.

Ningeweza kukaa pale nikasikiliza mpaka kwenye shukrani. Kiti kilikuwepo. Lakini niliona si haki neno la baba nilisikie mimi kwanza, kibandani, kati ya matangazo ya filamu za ngumi. Nilisikiliza dakika moja ya kwaya, nikachomoa flashi yangu, nikapanda kwetu na elimu.

Elimu hiyo sikumnyima mtu. Niliieleza kwenye duka, kwenye foleni ya maziwa, na baada ya misa. Wiki haijaisha, mzee mmoja wa jumuiya yetu akanishika mkono akaniambia kwa uchungu, "Umesikia, video mpya hazipandi huku? Ni hewa." Moyo wangu ukatulia. Nikasema, sasa imethibitishwa hata na watu wengine. Nikaijaribu ile flashi kwenye simu ya mke wangu kwa kile kiwaya cha kuunganishia, pale pale sebuleni: picha, kimya. Ushahidi juu ya ushahidi.

Baba nilimweleza mchana, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo mpaka nishuke," akasema.

"Mpaka ushuke, baba. Moshi sauti ipo, nimeisikia mwenyewe."

"Na yeye, sauti yake haiwezi kupanda?"

"Hewa, baba."

Akatazama mlangoni. "Alikuwa anaipanda njia hii na ndoo kichwani, anaimba. Hewa ilikuwa hii hii."

Hilo nililijibu kwa fizikia. Nasikia aibu mpaka leo nikikumbuka nililijibu vizuri.

Jumapili ile Sista akapiga simu. Nilimwekea baba sikioni, na kwa kuwa simu ile husikika mpaka Marangu, nilisikia yote.

"Shikamoo baba. Umeiona video?"

"Marahaba. Nimeiona, mwanangu."

"Umeiona yote? Mpaka mwisho?"

"Yote. Nzuri."

Upande wa pili kukawa kimya. Mtu alikuwa anangoja.

"Haya," akasema baadaye. "Na mvua, baba?"

"Mvua ipo."

Alipokata, nilimwambia baba nimpigie tena nimweleze ukweli kwamba sauti haijatoka. Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usimwambie sijasikia. Atadhani nimekataa kusikia. Nishushe, nisikie, halafu mimi mwenyewe nitampigia."

Daktari alikuwa amekataza safari. Mvua nayo ilinyesha kama vile kuna mtu juu amesahau kufunga bomba, na barabara yetu ikawa sabuni. Tukangoja wiki moja, ya pili, ya tano. Baba akawa anapungua. Mashavu yalikwenda kwanza, kisha mikono. Siku barabara ilipokauka kidogo, aliomba koti lake la kanisani na viatu vipakwe rangi. Tukambeba kwenye kiti, wanaume wanne, kutoka kwenye migomba mpaka barabarani, ilikosimama pikapu ya jirani. Nilikuwa nimetandika magodoro mawili nyuma. Nikapiga utani njia nzima, nikawaambia wabebaji kwamba hata Mangi mkuu wa zamani hakuwahi kushuka Moshi kwa heshima hii. Wakacheka. Baba naye akacheka, kidogo.

Tulifika kona ya tatu. Gari likaruka kwenye jiwe, na baba akatoa mlio ambao sikuujua. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, jasho limesimama juu ya mdomo. Nikamwambia bado kidogo, baba, tunashuka, hewa inaongezeka. Nilisema hivyo, kwa kinywa changu. Akanitazama muda mrefu.

"Rudini," akasema.

Baada ya hapo hakuizungumzia tena Moshi. Kila mchana, baada ya uji, aliniomba nimwekee ile picha. Nilimsogezea kitanda mpaka runinga ikawa karibu kama sahani. Alikuwa anautazama mdomo wa binti yake na kuufuatisha kwa mdomo wake, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Siku moja aliniambia amepata neno moja: *baba*. Siku nyingine akasema hapana, hana hakika, huenda ni *bali*. Nilikuwa na utani wa kila jambo duniani, na hapo sikupata hata mmoja. Nilitoka nje nikakata majani ya ng'ombe yasiyohitajika.

Alifariki Alhamisi, kabla ya uji. Sisemi kwamba safari ile ya kona tatu ndiyo iliyomuua. Daktari hakusema hivyo, na wala sikumuuliza.

Sista alifika siku ya mazishi asubuhi, na sanduku dogo na kompyuta ya mapajani, maana huko kwao anafundisha wasichana kompyuta. Tulimzika baba kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya mama. Watu walipopungua, alikaa sebuleni, kwenye kitanda kilichoachwa wazi, akaniuliza bila kunitazama.

"Kaka, aliposikia nilichosema, alisemaje?"

Nilikuwa na jibu zuri ajabu tayari mdomoni. Ningeweza kumwambia alilia, alibariki, aliimba. Mimi ndiye mtu wa hivyo. Badala yake nikasema, "Hakusikia."

"Aliniambia ameiona."

"Aliiona. Kila siku aliiona. Sauti ilikuwa haitoki."

Akaweka kikombe chini. "Nilingoja kwenye simu," akasema. "Nikasema amesikia, na bado hana neno la kuniambia. Nimekaa na hilo miezi mitatu, kaka. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamweleza. Alivyonikataza. Habari za Rau, za hewa, za pikapu. Nilipofika kwenye soda iliyotikiswa nilijisikia mwenyewe ninavyosikika. Yeye hakucheka. Aliomba flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaandika vitu, akangoja. Chai ilikuwa bado inatoa moshi alipoitoa akaihamishia kwenye kile kisanduku changu cheusi, pale pale juu, ukishapita kanisa.

Kwaya ikaimba. Shangazi aliyekuwa jikoni akaja mbio na mwiko mkononi. Mdogo wangu akaisogeza mbele mpaka aliposimama kushukuru, na sauti yake ikajaa sebule, nyororo, yenye mafua kidogo:

"Asubuhi niliyoondoka, baba yangu hakutoka kuniaga. Lakini nilikuta njia yetu imefyekwa pande zote mbili, kutoka mlangoni mpaka barabarani, nisilowe umande. Majani yalikuwa bado mabichi. Baba, niliona. Asante."

Halafu lile tabasamu, akarudi kukaa.

Shangazi alikuwa analia tena. Mimi nilitazama kile kitanda. Mtu aliyeamka gizani na panga, akafyeka, akarudi kujificha zizini, alikuwa ameishi miaka yote ile akitaka kujua jambo moja, na lilikuwa humu ndani ya nyumba yake, kwenye flashi ndogo kama ukucha.

"Kwa hiyo umeibadilisha ili iweze kuvumilia hewa ya huku," nikasema. Nilikuwa bado natafuta pa kushika.

"Hewa haihusiki, kaka," Sista akasema, taratibu, kama anavyosema na wanafunzi wake. "Aliyerekodi aliihifadhi sauti kwa mtindo wa sinema, ule wa spika nyingi, na kisanduku chako hakijui kuusoma, hata simu ya wifi yangu, mkeo, haijui. Ungekishusha Moshi kingekuwa kimya vile vile. Nimeigeuza iwe sauti ya kawaida, dakika kumi tu. Ungenipigia ningekutumia siku ile ile."