Vidole Gumba vya Majengo

Jumamosi saa tisa alasiri, Majengo nzima ya Nyeri ilijua pa kumpata diwani wake. Katika miaka ile ya sabini, hilo halikuwa jambo dogo. Madiwani wengine uliwaona wakati wa kura, kisha kwaheri mpaka kura nyingine. Moffat Kihara alikuja kila wiki, akapanda juu ya kreti ya soda mbele ya kibanda cha Ngendo, kwenye uwanja wa vibanda karibu na msikiti, akatoa habari: mfereji wa maji utatengenezwa lini, lori la taka limeharibikia wapi, taa ya njiani inangoja fundi gani. Mengine yalitimia. Hata yasipotimia, watu walirudi nyumbani wameridhika, kwa kuambiwa tu.

Ngendo alizaliwa kwenye vilima vya Othaya. Alifika darasa la saba akitaka kuwa mwalimu, akaozwa badala yake. Mumewe alipofariki alibaki na kile kibanda, mabenchi mawili na sufuria kubwa ya chai. Alikuwa na mwandiko mzuri ajabu, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na haja nao, mpaka Kihara alipouona kwenye kibao cha "Chai na Mandazi".

"Kumbe iko na mwalimu hapa!" alisema, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Jamani, neno moja tu, na mama wa watu akawa anapiga pasi leso yake ya kichwa kila Ijumaa.

Kazi aliyompa ilikuwa ya kuandika waliohudhuria. Diwani alitaka baraza la mji lione kwamba watu wa Majengo wanajali mambo yao. Kwa hiyo Ngendo aliandika majina kwenye karatasi ndefu, na kwa wasiojua kusoma, ambao walikuwa wengi, aliwashika mkono, akakandamiza kidole gumba kwenye kibati cha wino, kisha kwenye karatasi. Baadaye aliwapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alifanya hivyo kwa upole sana, kama muuguzi.

"Huku juu uwache nafasi, Mwalimu," Kihara alimwelekeza. "Mimi nitajaza tarehe na mambo tumeongea nikifika ofisi."

Ngendo aliacha nafasi ya vidole vinne. Kila Jumamosi, vidole vinne.

Mmoja tu alikataa wino: Wachuka, bibi kizee wa kuuza ugoro. Mara ya mwisho kupakwa wino kidoleni ilikuwa wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, alipokuwa akipewa pasi ya kutoka kijijini. Aliapa kwamba kidole chake hakitaguswa tena na karatasi ya serikali. Ngendo alimbembeleza wiki tatu.

"Cucu, nyanya yangu, hii si ya mzungu," alimwambia. "Hii ni yetu."

Wiki ya nne Wachuka alinyoosha mkono. "Ni kwa sababu ni wewe," alisema.

Miezi ikapita. Jumanne moja asubuhi lori lilisimama karibu na msikiti, wakashuka wanaume wenye mitalimbo. Msimamizi wao alisema vibanda vyote kumi na tisa vinahamia Gatitu, nje ya mji, kwenye uwanja ulioachwa wazi, na kwamba wenyewe wanajua. Watu walicheka, wakidhani amekosea mtaa. Ngendo hakucheka. Alivua aproni, akapanda mbio mpaka ofisi za baraza.

Karani aliyekuwepo, Munyao, alikuwa mtu wa Machakos, mstaarabu, asiye na haraka. Alifungua faili, akaigeuza upande wa Ngendo.

"Lakini mama, nyinyi mlikubali," alisema. "Si hii hapa?"

Ilikuwa pale. Juu, kwenye ile nafasi ya vidole vinne, kulikuwa na mistari mitatu iliyopigwa kwa taipu: sisi wenye vibanda vya Majengo tumekubali kwa hiari yetu kuhama na kuacha uwanja huu. Chini yake, majina. Mwandiko ulikuwa wake, ile W yenye mkia aliyoipenda. Na kando ya jina la Wachuka, kidole gumba, safi, bila kuchafuka hata kidogo, kwa kuwa Ngendo mwenyewe alikikandamiza vizuri.

Ngendo aliona aibu kabla ya kuona hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Alimkuta Kihara nyumbani kwake, akinywa chai.

"Kansela, umetuuza."

"Mwalimu, usiongee hivyo." Sauti yake ilikuwa ileile ya Jumamosi. "Hiyo uwanja bibi yangu atajenga maduka ya mawe. Wewe sijakusahau. Niko na nafasi yako huko nyuma, jikoni safi, ata mfereji iko ndani."

"Na wale wengine?"

"Wale si uliandika wewe?"

Ngendo alitoka na kuuacha mlango wazi, akarudi kwa miguu. Alikuta kibanda chake kiko chini, mabenchi yamepangwa juu ya lori kwa heshima zote.

Lile jiko hakulikubali, lakini nani angemwamini? Majengo iliamua kwamba alijua. Huko Gatitu aliweka sufuria yake pembeni, na aliposimulia habari ya nafasi ya vidole vinne, watu walimsikiliza, wakalipa chai, wakaondoka. Kihara alipita tena kwenye kura. Ngendo hakuandika tena kitu, hata kibao.

Wachuka hakumtukana. Hupita kila asubuhi na mfuko wake wa ugoro, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, husimama kumsalimu kwa mkono kama zamani. Ila mkono anaompa huwa umefumbwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani, na Ngendo huushika hivyohivyo.