Bangili Mbaya ya Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto kule Likasi, Jumapili ilikuwa na sauti mbili kwetu: kengele ya kanisa asubuhi, na nyundo ya baba baada ya chakula. Siku nyingine baba alikuwa mtu wa kampuni ya madini, mwenye kofia ngumu na kikohozi cha moshi wa kiwandani. Jumapili alikuwa mtu wake mwenyewe. Nyuma ya nyumba alikuwa na jiko la makaa alilolitengeneza kwa rimu ya lori, na kipande cha reli cha kufulia chuma. Hapo alifua vitu vidogo visivyo na kazi yoyote: mawaridi, ndege, majani ya mti wa msuku yenye mishipa iliyochorwa kwa ncha ya msumari. Majirani walimtania kwamba anaacha chuma kazini ili afuate chuma nyumbani. Alicheka nao, akaendelea.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na wa pekee aliyebaki. Baada yangu walizaliwa wawili, na wote tuliwazika kabla hawajajua kutembea. Kwa hiyo mama alipojifungua tena, mtoto wa kiume, hakuna aliyeshangilia kwa sauti. Bibi mzaa baba, ambaye kwa Kiswahili cha kwetu tulimwita Kambo, alikuja kwa treni kutoka Kapolowe, na ndani ya kitenge alifunga kipande cha jembe kuukuu.

Hata maji hajanywa, alimwita mtoto Mavumbi. Alituambia kwamba mtoto anayezaliwa nyuma ya marehemu hasifiwi wala hapambwi. Anapewa jina baya na bangili mbaya ya chuma cha jembe, ili kifo kikipita kimdharau, kiende zake. Siku zile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, basi karani akaandika Mavumbi bila kuinua kichwa.

Kambo akamkabidhi baba lile jembe.

"Ufanye bangili. Lakini ikuwe mubaya, unasikia? Mubaya kabisa."

"Mama, miye najua kufanya maua," baba alisema. "Kitu mubaya sijuake."

"Sasa utajua. Lufu iko na macho. Kitu muzuri, inakamata."

Lufu ndiyo kifo kwetu, na nyumbani mwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nadhani baba alijaribu. Nilimtazama nikiwa kizingitini, maana Kambo alikuwa amekataza mwanamke au msichana yeyote kuukaribia moto ule. Baba alipiga, akasimama, akageuza, akapiga tena. Alipoileta, bangili ilikuwa imeviringana vizuri, na ncha yake moja ilichanua kuwa jani dogo la msuku, zuri kuliko yote aliyowahi kufua. Leo simlaumu. Alikuwa amepata mwana, na furaha iliyokatazwa mdomoni ilimtoka mikononi.

Kambo aliiangalia bila kuigusa.

"Weye unaita lufu," alisema. "Unaionyesha mulango."

"Mama, ni jani tu. Kadogo."

"Lufu haipimake."

Baba alimvisha mtoto hivyo hivyo. Kabla ya Jumapili iliyofuata, Mavumbi alishikwa na homa. Tuliijua ile homa: mtoto hanyonyi, halii, macho yamezama. Mama alimpeleka hospitali ya wafanyakazi, akarudi na dawa na uso ambao sikupenda kuutazama. Nilipiga magoti nyuma ya mlango nikamwomba Mungu achukue chochote changu, hata shule.

Jioni baba alirudi kutoka kazini, na hata buti hakuvua. Alimvua mtoto bangili, akawasha makaa, siku ambayo haikuwa Jumapili. Alilitia jani motoni, akalitoa likiwa jekundu, akaanza kulipiga.

"Pardon," nilimsikia akisema kila anaponyanyua nyundo. "Pardon, pardon." Sikujua msamaha anamwomba nani, mtoto au jani.

Machozi yalimtoka mbele yetu sote. Ndipo Kambo, aliyekuwa mkali wiki nzima, akainuka akaenda kusimama kando yake, pale pale alipotukataza tusifike. Alimwekea mkono mgongoni. Chuma kilipopoa alikichukua, akakipaka majivu, akapitisha kidole gumba polepole kutoka ncha hadi ncha.

"Inatosha, mwana yangu," alisema. "Sasa iko mubaya."

Mtoto alivishwa tena, na homa ilishuka. Ilikuwa dawa au bangili? Mama alimshukuru Mungu, daktari na Kambo bila kupanga nani awe wa kwanza, na mimi nimezeeka bila kupata mpango bora kuliko huo.

Ila neno la Kambo, kwamba kitu kizuri hukamatwa, lilizidi kutimia. Mkubwa mmoja wa chama alipita kwetu, akayasifu mawaridi ya baba, akaondoka nayo. Ndege walikwenda na wageni mmoja mmoja. Vilivyosalia vilibebwa wakati ule wa fujo, watu walipovamia nyumba za wenzao na kung'oa hata milango. Baba alipofariki hatukuwa na kitu cha mkono wake cha kuweka juu ya jeneza, isipokuwa bangili ambayo hakuna mwizi aliyeinama kuiokota.

Sasa Mavumbi ana mvi, na juzi amepata mjukuu. Aliniletea bangili niitoe kutu kabla mtoto hajavishwa. Nilikaa nayo mlangoni na kitambaa na majivu. Kwa macho ni kichuma kilichopondwa, cha kutupa jalalani. Lakini pale nchani, ukipitisha kidole taratibu, bado unaisikia mishipa ya jani. Baba alikuwa na nguvu na makaa ya kutosha kuifuta yote. Na Kambo, kidole chake kilipita pale pale, akasema inatosha.