Kagure wa Othaya na Kagure wa Ufaransa

Tangu Wamae afie Ufaransa, mama yake, Kagure, huku Othaya nchini Kenya, alikuwa na hofu moja tu: kwamba mjukuu naye angempotea. Mtoto huyo alipewa jina lake, Kagure, maana kwa Wagikuyu binti wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, na nyanya huyo huhesabika amezaliwa upya. Lakini mtoto, aliyezaliwa na kukulia Ufaransa, hakujua Kiswahili wala Kigikuyu. Zamani Wamae ndiye aliyewatafsiria kwenye simu ya Jumapili. Sasa walibaki kutazamana na kuchekacheka, na simu ilizidi kuwa fupi.

Kuuliza si ujinga. Kagure akatia ndizi mbivu kwenye kiondo, akamwendea jirani yake Njoki, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya upili.

"Mwalimu, nifundishe hii lugha ya mtoto yangu."

Njoki akaanza na vitenzi, na vitenzi vya Kifaransa, msione hivi, ni vikaidi kuliko punda. Kuwa: je suis, tu es, il est. Kwenda: je vais, tu vas, halafu ghafla nous allons.

"Haki hii 'kwenda' inabadilisha nguo kabla itoke kwa nyumba!" Kagure alilalamika. "Na ati katoto kanaijua yote?"

"Shosho," Njoki akamwita, yaani nyanya, "yeye amezaliwa nayo. Sema tena."

Akasema tena. Alisema akichuma majani chai, akikama ng'ombe, mpaka wanawake wa kanisa wakanong'onezana kwamba Roho amemshukia, ananena kwa lugha. Jumapili, mzee wa kanisa Simeon akamwomba asimame awaombee wagonjwa. Kagure aliona haya, akatamani ardhi immeze. Angewaambia nini? Akawaombea kwa Kigikuyu, akaketi. Moyoni, Mungu amsamehe, aliiombea zaidi simu ya alasiri.

Alasiri Njoki akampigia mtoto kwa simu yake ya video, akamwachia Kagure, akaenda jikoni kuchemsha chai. Uso wa mtoto ukatokea, macho yale yale ya Wamae. Kagure akajikaza.

"Je suis Kagure," akasema, mimi ni Kagure. Akamnyooshea mtoto kidole. "Tu es Kagure." Nawe pia.

Mtoto alishangaa kumsikia. Akageuka kumtazama mama yake, kisha akajibu polepole, kwa adabu, ili nyanya aelewe.

"Non. Je suis Claire."

Lilikuwa jina lake la pili, la upande wa mama. Miezi michache nyuma Kagure angecheka tu na kupunga mkono, asijue lililosemwa. Sasa pia alicheka na kupunga mkono, lakini lilimuuma, lilimuuma kama siku ile ya habari za kifo cha Wamae.

Njoki akarudi mbio na vikombe. "Eh, shosho! Amekuelewa?"

Kagure akamrudishia simu yake.

"Ni mimi nimemuelewa, mwalimu."