Kipupwe Tulichomlea Mdogo Wangu Kambini

Mama alifariki siku tatu baada ya kumzaa mdogo wangu, nyumbani kwetu Shishiyu, pamba ikiwa bado shambani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia.

Matanga yalipoanuliwa, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka Ipililo akiwa na mtoto wake mgongoni, alimfuata baba uani.

"Shemeji, nipe huyu nikamnyonyeshe pamoja na wangu."

"Wiki hii nimeshatoa mmoja," baba alisema. "Huyu anabaki."

Mama mdogo hakubishana naye. Alinionyesha namna ya kuchanganya maziwa ya ng'ombe na maji ya moto na kumnywesha mtoto kwa kijiko, kisha akaondoka.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Josho la kijiji lilikuwa limekauka, kwa kuwa serikali iliacha kuleta dawa na kila mfugaji alitakiwa ajinunulie dukani. Kupe walijaa, ng'ombe wetu wawili wakafa. Lambo nalo likabaki tope. Baba akaamua kuhamisha mifugo kwenda upande wa Lingeka, safari ya siku mbili kwa miguu, mpaka mvua zirudi. Jirani mmoja alimuuliza kama kweli anakwenda porini na kichanga cha miezi miwili.

"Maziwa yanakwenda kambini," baba alimjibu. "Mtoto atabaki anakunywa nini?"

Nyumba yetu kule ilikuwa turubai kuukuu, lile la kufunikia malori, alilotupiwa baba na mnunuzi binafsi wa pamba baada ya kumpakilia mzigo. Tulilitundika juu ya kamba kati ya nguzo mbili, tukalizungushia miiba. Lilinuka dizeli.

Watu wa mbali hudhani kwetu ni joto mwaka mzima. Hawajalala mbugani wakati wa kipupwe, upepo unapopita chini ya turubai kama maji. Kulipokaribia kucha, pumzi zetu ziligeuka matone na kutudondokea usoni. Mtoto nilimfunga kwa kitenge cha mama, tukajifunika wote wawili blanketi moja. Baba alijifunika koti lake.

Asubuhi moja niliamka nikiwa na joto zuri, na hilo ndilo lililonishtua. Blanketi lote lilikuwa kwangu. Nilikuwa nimelivuta usingizini. Mtoto alikuwa pembeni, kitenge kimelowa, hana kilio. Nilimshika miguu, nikaona kama nimeshika jiwe la mtoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Baba alikuwa nje anakamua. Nilimwita mara moja tu. Aliingia, akatazama. Alifungua vifungo vya koti na shati, akamvua mtoto kile kitenge kibichi, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akafunga koti juu yake na kwenda kuketi karibu na moto wa samadi.

"Chemsha maziwa," aliniambia.

Niliinama motoni. Nyuma yangu nilimsikia akisema polepole, "Mayu. Mayu." Kwetu mayu ni mama, na ndivyo pia tunavyombembeleza mtoto wa kike. Sikujua anamwita nani kati ya wale wawili.

Jua lilikuwa limeshapanda kidogo tuliposikia sauti nyembamba ndani ya koti. Mtoto alilia. Baba naye alilia, yeye ambaye kaburini hakutoa chozi.

Alipotulia akaniuliza, "Alijifunua mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Mtoto wa miezi miwili hawezi kujifunua. Alinitazama, kisha akasema, "Hapa hatakaa tena."

Siku ile ile aliwaacha ng'ombe kwa watu wa kambi ya jirani, tukashika njia ya Ipililo. Yeye alimbeba mtoto ndani ya koti, mimi nikabeba kibuyu cha maziwa. Tulilala njiani kwa wenyeji, mara mbili.

Mama mdogo alikuwa anaanika mahindi. Alimpokea mtoto, akaketi, akamtia ziwa mdomoni. Mwanzoni mtoto hakujua la kufanya. Kisha akanyonya.

"Nimechelewa, shemeji," baba alisema.

"Hujachelewa. Keti unywe uji."

Hakuketi. Alisimama pale, koti halijafungwa, mpaka aliponiambia tuondoke, ng'ombe wanatungoja.

Walikubaliana kwamba baba angemchukua mtoto akiachishwa ziwa. Wakati ulipofika, mtoto alilia kila tulipomgusa. Mama mdogo akaomba tungoje mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, akaanza shule, na baba akaacha kuuliza. Alipokua aliambiwa baba yake ni nani, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mayu."

Tukitoka kumtembelea, baba alikuwa akiikokota baiskeli mwendo mrefu kabla ya kuipanda.

Baba alipofariki, mdogo wangu alikuja kuzika na watoto wake. Baada ya maziko nilimwita pembeni, nikamweleza habari ya blanketi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata baba mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi baridi hiyo siikumbuki, dada," alisema. "Nakumbuka alikuwa anakuja na karanga mfukoni, ananimenyea moja moja."

Nilitaka anikasirikie. Alinishika mkono kidogo, kisha akaenda kuwasaidia wanawake kuosha masufuria.