Komeo Kuukuu la Gololi

Watu walimwita Gololi, na mkewe naye alimwita hivyo akitaka kumtania. Jina lilitokana na komeo alilolibuni mwenyewe: kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye geti, na ndani yake gololi ya chuma. Ukilisukuma geti, gololi inabingirika hadi kwenye tundu na geti linajifunga. Ukiinua mkono wa komeo, gololi inarudi nyuma. Halina springi, halina cha kuharibika. Chini ya bomba aliacha kidirisha cha kufutia vumbi, na yeyote aliyechungulia aliona jinsi linavyofanya kazi.

Alikuwa mchomeleaji hodari, na kiburi chake alikuwa nacho, tuseme ukweli. Hakuweza kupita mbele ya geti lake lenye kutu akanyamaza. Angebisha hodi, angesalimia, na kabla mwenye nyumba hajauliza kulikoni, komeo la zamani limeshakatwa na jipya limekaa mahali pake, bure. Makuukuu aliyatupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Wateja walimpendea hilo, na hilohilo nusura limtie kitanzi.

Barua ilitoka kwa kiwanda cha mageti kilicho upande wa pili wa mji. Kiwanda kilikuwa kimepewa hataza, yaani haki ya kuwa peke yake katika kutengeneza uvumbuzi fulani kwa miaka kadhaa, na uvumbuzi wenyewe ulikuwa komeo lilelile, gololi na kidirisha chake. Gololi aache kulitengeneza, la sivyo wakutane mahakamani. Karakana yake iliishi kwa komeo lile. Bila hilo angebaki kuziba matundu ya sufuria za watu.

Akaenda kwa wakili, mwanamke kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Alikwenda na komeo lililong'aa kwa rangi, akaliweka mezani.

"Hili hapa, wakili. Jipya kabisa. La kwao la kubahatisha tu."

Wakili hakuligusa. "Fundi, neno hilo usilitamke tena mbele ya mtu."

"Neno gani?"

"Jipya. Kwako karakanani, kipya ni kile ambacho hakijatumika. Kwenye hataza, kipya ni kile ambacho watu hawajawahi kukiona popote kabla ya siku ya maombi. Ukisema lako ni jipya, umewabebea wao mzigo. Mimi nataka kuukuu. Likiwa limeoza ndiyo vizuri zaidi."

Akamweleza bila haraka. Muda wa kuweka pingamizi kabla hataza haijatolewa ulikuwa umepita. Zilibaki njia mbili: asubiri kushtakiwa, ajitetee kwa kusema hataza yenyewe si halali, au awatangulie, aende mbele ya baraza la hataza kuomba ifutwe.

"Kwa sababu gani?" Gololi aliuliza.

"Tunaweza kusema fundi yeyote wa kawaida angelifikiria bila kuumiza kichwa, lakini hapo tutabishana mpaka tuzeeke. Tunaweza kusema maelezo yao hayatoshi kumwezesha mtu kulitengeneza, lakini nimeyasoma, yanatosha. Tushike moja: halikuwa jipya walipoliomba. Niletee komeo lako lililokuwapo kabla yao, na tujue ni la lini."

Gololi alicheka. Si mji mzima umejaa makomeo yake? Akaanza kuzunguka, nyumba hadi nyumba, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kila geti lilikuwa na komeo la juzijuzi. Wateja walikuwa tayari kumtetea, ila mmoja aliapa kwamba komeo lake la kwanza lilikuwa na springi. Ushahidi wote alikuwa ameukata kwa mikono yake, akauza kwa kilo.

Jioni alikaa jikoni, akamsimulia mkewe yote. Mkewe alikuwa akichambua mchele.

"Lipo moja," mkewe alisema.

Gololi alilijua. Binti yao wa pekee alipofariki, miaka mingi kabla kiwanda hakijaomba hataza, Gololi alitengeneza uzio mdogo wa kaburi na geti lake. Kuandika jina mkono ulimgomea, akauandika mwaka tu, kwa vitone vya kuchomelea juu ya komeo. Akalifunga geti siku ile, na hakurudi tena makaburini. Aliyekwenda ni mkewe, na kichupa cha mafuta ya kulainishia mkobani.

"Hilo silitoi."

"Hata hujui limekuwaje, baba."

"Mama, niache."

"Nimekuacha miaka yote hii. Nimekwenda peke yangu, nimerudi peke yangu, sijakuuliza. Leo nakuuliza."

Akamwambia amtume kaka yake. Asubuhi shemeji yake ndiye aliyekwenda kuling'oa geti. Yeye alibaki karakanani akisugua chuma ambacho hakikuhitaji kusuguliwa.

Barazani, wakili wa kiwanda alikuwa mtu wa adabu, na swali lake lilikuwa zuri.

"Fundi, mji mzima unaijua tabia yako. Komeo likipata kutu unalibadilisha. Baraza litajuaje kwamba hili nalo hukulibadilisha, ukaandika mwaka unaokufaa?"

Gololi alijibu. "Ili nilibadilishe ningelazimika kwenda pale. Sijakwenda. Aliyelala pale ni mwanangu, na mimi baba yake sijamtembelea hata mara moja. Kila geti la mji huu nimelirudia. Hilo nimelikimbia."

Wakili yule alikaa. Msimamizi wa makaburi akasimama, akasema komeo analijua tangu siku ya maziko, kwamba mwenyewe hulifuta vumbi kupitia kidirisha, na waliokuja kuzuru makaburi ya jirani walizoea kuchungulia gololi ile.

Hataza ikafutwa. Nje, wakili wake alimshika mkono Gololi.

"Uelewe jambo moja, fundi. Kufutwa hakulifanyi kuwa lako. Sasa ni la kila mtu. Hata wao wataendelea kulitengeneza."

"Walitengeneze," alisema.

Kulirudisha geti alikwenda mwenyewe. Kwenye mfuko wa zana alikuwa ametia komeo jipya. Mkewe aliliona. Gololi alifunga bawaba, akalisukuma geti, gololi ikabingirika, likajifunga. Akalitazama lile komeo kwa muda mrefu. Jipya akaliacha mfukoni. Akainua mkono wa komeo ili aingie, ukakataa. Akajaribu tena, na tena ukakataa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Si hivyo, baba," mkewe alisema nyuma yake. "Siku hizi lina mwendo wake. Livute kwako kidogo, ndipo uinue."

Akalivuta, akainua. Geti likafunguka, akaingia.