Mukantwari na Mkono wa Mume Wangu

Mimi yule mwanamke sikumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuja kwetu, mtaa wa Biryogo, mwaka 1983, viatu safi, daftari mkononi, akasema ametumwa na hospitali kumwangalia mume wangu. Saidi wangu, fundi cherehani, kiharusi kilikuwa kimemuua mkono wa kulia. Na kwetu mkono huo ndio wa kula, wa kusalimia, wa kushika mkasi. Alikuwa hataki tena hata kukaa sinia moja na wageni.

Sasa huyu Mukantwari hakuleta sindano wala dawa. Aliuliza nani anamwogesha, nani anamfunga vifungo, nani anamlisha. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi. Akaandika. Nikasema moyoni, huyu katumwa na konseye, yule mkuu wa mtaa, kesho tutaitwa. Halafu akamshika mume wangu mkono nusu saa nzima, mbele ya macho yangu!

Nikamchunguza. Jirani yangu Nyirahabimana, mfagizi wa hospitali, alinipa habari zote. Mukantwari alisomea Ubelgiji kazi ya kuwafundisha wagonjwa kujihudumia upya, akarudi 1969, na madaktari wakamcheka kwamba anachezesha wagonjwa michezo ya watoto. Wagonjwa wake walipoanza kurudi makazini, kicheko kikaisha, chuo kikuu kikamwita afundishe. Na hajaolewa. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Kila wiki alikuja, akamfunga Saidi mkono wa kushoto, ule mzima, kwa kitambaa ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Aliagiza kisifunguliwe mpaka jioni. Maharagwe yakamwagika mkekani, Saidi akanuna. Mukantwari akishaondoka tu, mimi namfungua na kumlisha. Mke gani angekaa akitazama?

Mwaka uliofuata akamwomba Saidi aende mbele ya wanafunzi wake. Nikajua ndiyo hiyo, anataka kumfanya maonyesho. Nikaenda, nikakaa karibu kabisa. Alimpa kanzu avae na kufunga vifungo mwenyewe. Saidi akahangaika na kifungo cha kwanza mpaka jasho likamtoka, na vijana wote wanamkodolea macho. Nikashindwa. Nikainuka, nikakishika kile kifungo.

Saidi akanisukuma. Kwa mkono wa kulia. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikajishikiza kwenye meza.

“Zaina, kaa chini,” akasema. “Mwaka mzima umenifungua kitambaa, nami nikanyamaza.”

Nikakaa. Nikalia mbele ya watoto wa watu, kwa aibu na kwa furaha, na yeye akaendelea na kifungo chake.