Sahani ya Imrani

Siku ya kwanza Imrani Bushiri alipoingia jimu kwangu, hapa Area D, nilimpa mwezi mmoja. Wanaume wa miaka arobaini na kitu nimewaona wengi. Mtu anakuja na raba mpya, ananyanyua vyuma siku nne, ya tano anasema mgongo, ya sita simu haipokelewi. Watumishi wa wizarani ndio mabingwa wa mchezo huo. Imrani hakuwa mtumishi. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko la Majengo, mtoto wa mjini kwelikweli. Babu wa babu yake alifika na misafara ya biashara ya zamani, akaoa hapahapa, akasahau kurudi alikotoka. Imrani alikuja kwangu na kandambili, kitambi kikimtangulia mlangoni.

Nikamuuliza anataka nini. Wengi husema wanataka kifua, au wanataka suruali ya zamani iwaingie.

"Mwalimu," akasema, "nataka niweze kumbeba baba yangu."

Wiki mbili kabla ya hapo, Mzee Bushiri alikuwa ameteleza bafuni. Macho yake yalikuwa na ukungu na miguu imechoka, ila mwili ulikuwa bado mzito, mtu wa mifupa mikubwa. Imrani akajaribu kumwinua akashindwa. Akajaribu tena, pumzi ikakata. Ikabidi amwache baba yake pale sakafuni, atoke barabarani kuita wanaume. Wakaja watatu, na mmoja wao Imrani hata hakumfahamu jina.

"Baba," Imrani aliniambia, "alivuta tu taulo ajisitiri."

Nikampenda mtu huyu. Nasema hili mapema ili msije mkadhani yaliyofuata niliyafanya kwa uzembe.

Mimi ni Wambura, mtu wa Mara, na kazi yangu naijua. Nilimweleza kwamba mtu aliyekaa miaka bila mazoezi ana bahati moja: anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja, mradi asiwe na pupa. Ale pungufu kidogo, asijishindishe njaa. Nyama, mayai na maharage viongezeke, wali na ugali vipungue. Anyanyue vyuma vizito mara tatu kwa wiki, halafu alale usingizi wa kutosha. Na asiiabudu mizani, kwa sababu mizani inaweza kugoma palepale huku mwili ukibadilika. Atazame mkanda wa suruali.

"Na jambo la mwisho, kaka Imrani. Kuanzia leo una sahani yako."

"Nyumbani tunakula sinia, mwalimu. Mimi na mzee."

"Kwenye sinia utajuaje umekula kiasi gani?"

"Sitajua."

"Basi. Ukitaka kumbeba baba, achana na sinia."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mimi nimekulia bweni, kila mtu na sahani yake ya bati, jina limekwaruzwa kwa msumari. Sikuwahi kujiuliza sinia lina kazi gani zaidi ya kubeba wali.

Alinishangaza. Mwezi ulipita, wa pili ukaingia, na yeye yupo, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kufungua duka. Kilo zilishuka nne tu, na wenzake wakamtania kwamba ananyanyua hewa. Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikawaonyesha: kiuno kimeingia ndani, mapaja yamejaa. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Wateja wa dukani wakaanza kumuuliza kwa upole kama anaumwa, maana kwa watu wa makamo mji huu haujui kupungua kwingine. Alikuwa akicheka.

Katika mwezi huo wa pili aliniletea habari njema. Tatizo la kupata nyama ya kutosha limeisha, akasema. Mzee siku hizi haishughulikii. Salha, mke wa Imrani, ndiye anayepeleka chakula. Anamnawisha mzee, anaweka sinia mkekani, halafu anaondoka, kwa kuwa kwao mke wa mtoto haketi kula na baba mkwe. Akirudi kuondoa vyombo anakuta nyama iko katikati ya wali vilevile alivyoiweka. Basi anamletea mumewe.

"Wazee ni meno," nikasema. "Wewe kula. Hiyo ndiyo misuli yenyewe."

Mungu anisamehe. Nilifurahi kabisa. Nikamwandikia kwenye daftari lake: nyama, kila siku, safi.

Mwezi wa sita wa mazoezi, asubuhi moja, aliingia jimu akikimbia. Mzee alikuwa ameteleza tena, bafuni palepale. "Nimembeba, mwalimu! Peke yangu! Toka bafuni mpaka kitandani, wala sikuhema!" Jimu nzima tukampigia makofi. Cecilia, mwanafunzi wangu wa wizarani, akapiga kigelegele. Nilimshika Imrani mkono, nikauzungusha huku na huku watu wauone, nikasema, "Mnaona? Hii ndiyo kazi ya vyuma." Tulikuwa watu wa kupima kila kitu pale, viuno, mapaja, mayai, usingizi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee mwenyewe ana kilo ngapi.

Aliyeuliza ni muuguzi. Imrani alimpeleka baba yake hospitali kwa ajili ya macho, na kabla ya daktari wakampandisha kwenye mizani. Kadi ya mwaka uliopita ilisema sitini na tatu. Mizani ilisema arobaini na sita.

"Huyu baba anakula?" muuguzi akauliza.

"Anakula."

"Unamwona akila?"

Imrani alikuja kwangu jioni ile, akaketi kwenye benchi la kunyanyulia vyuma bila kubadili nguo, akanieleza yaliyofuata walipofika nyumbani.

Alimwuliza baba yake anakula nini.

"Nakula cha mbele yangu," mzee akasema. Ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyowalea: kwenye sinia mtu hula upande wake, hapeleki mkono upande wa mwenzake.

"Na nyama, baba?"

"Nyama si iko katikati? Mgawaji ni wewe. Sinia haliliwi na mtu mmoja, Imrani. Nilikuwa nakuachia upande wako."

Miaka mitatu, tangu ukungu uingie machoni mwa mzee, mkono wa Imrani ndio uliokuwa ukichambua nyama kutoka kwenye mfupa, ukiichanachana na kuisogeza upande wa baba, tonge kwa tonge, huku wakizungumza habari za mjini. Hawakuwahi kulitaja jambo hilo. Kulitaja kungemvunjia mzee heshima, na mtu asichokitaja hufika mahali akasahau kwamba anakifanya. Imrani alipoondoka na sahani yake, aliondoka na mkono ule.

"Halafu niliila mimi," akaniambia. "Ile nyama, mwalimu. Kila siku. Niliila mimi." Akautazama mkono wake niliokuwa nimewaonyesha watu.

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu wazee na misuli, kwamba nao huijenga kwa nyama na hupukutika haraka wakiikosa. Nimeyasomea, na mtihani nilifaulu.

Imrani alirudi kwenye sinia usiku uleule. Mzee akaongezeka kilo moja, kisha ya pili, nasi tukajipa moyo. Mimi mwenyewe nilikwenda kumsalimu mara mbili. "Shikamoo, mzee," nikamwambia, naye akaitika marahaba na kuniuliza kama ndimi fundi wa vyuma. Alinishukuru kwa kumpa mwanawe nguvu. Nilitamani anitukane.

Juni ikaingia na upepo wake mkavu, ule unaopasua midomo. Mzee akashikwa na kifua. Mtu mwenye nguvu angekohoa siku kumi akapona, lakini daktari alimwambia Imrani kwamba hata kukohoa kunahitaji misuli, na mzee hana tena. Alifariki alfajiri ya Ijumaa.

Makaburini nilisimama nyuma pamoja na wenzangu tusio Waislamu. Imrani na ndugu zake wawili waliingia kaburini kumpokea. Mimi namjua Imrani akinyanyua mzigo. Najua bega linavyopanda, najua shingo inavyotokeza mishipa. Alimpokea baba yake na bega halikupanda. Yule mtu aliyekuja kwangu akitaka nguvu za kumbeba mzee sasa alikuwa nazo zote, na hazikuhitajika.

Tuliporudi nyumbani kwao, wanaume tuliketishwa uani, wanne wanne, kila kundi na sinia lake la wali, nyama imelundikwa katikati. Nilikuwa na wazee watatu nisiowajua. Nikaanza kula taratibu upande wangu. Nyama niliiogopa, sikujua ni nani mgawaji, wala kama mimi ninayo haki ya kuigusa katika nyumba ile.

Imrani akatoka ndani, macho mekundu, akapita kwenye makundi akiwashukuru watu. Alipofika kwetu akachuchumaa kando yangu. Akanawa, akachukua kipande, akakichambua kutoka kwenye mfupa, akakichanachana vizuri kama cha mtu asiyeona, akakisogeza mpaka mbele yangu.

"Kula, mwalimu," akasema. "Hiyo ni ya kwako."

Nikalia, mkono wangu ukiwa bado na wali, mbele ya wazee wale watatu, nao wakadhani namlilia mzee tu.